Mbwa Kaokolewa, Bili Imefika: Uchangishe kwa Njia Ipi?

Karanga aligongwa na tuktuk Jumatano moja jioni karibu na Bombolulu, hapa Mombasa. Hakuwa wa mtu. Alikuwa mmoja wa mbwa koko wanaolala nyuma ya banda la mkaa, na rangi yake ya njugu karanga ndiyo iliyompa jina. Nilimkuta kajikunja kando ya mtaro, mguu wa nyuma wa kulia unaning'inia kama si wake, na alipojaribu kusimama alitoa sauti ambayo mpaka leo sijaisahau. Kijana muuza mkaa alinipa gunia safi, tukamlaza juu yake, tukampakia kwenye tuktuk nyingine. Saa tatu usiku daktari aliinua eksrei kwenye mwanga: mfupa wa paja umekatika katikati, ncha mbili zimepishana. Akaniandikia makadirio kwa mkono wake. Kuwekewa chuma, shilingi 46,500. Kukatwa mguu, 28,000. Dripu, dawa ya maumivu na kulazwa usiku ule, 5,000, zilipwe kabla sijaondoka. Mimi nilikuwa na 6,200, mfukoni na kwenye simu kwa pamoja.

Tangu usiku huo nimewachangishia mbwa wengine watatu, na kila mmoja kwa njia yake. Wapo waliopona. Mbali na hao, wapo watoto wa mbwa waliokufa pesa ikiwa njiani, na hao ndio walionifanya nikae nilinganishe njia hizi kwa makini. Watu wengi huchagua njia inayoonekana inaleta pesa nyingi. Mimi nasema tazama kwanza njia inayoleta pesa kwa wakati.

Kabla hujachagua chochote

Jiulize mawili: pesa inatakiwa lini, na ni nani atakayekuamini kwa jina lako tu.

Maradhi ya mbwa hayafanani kwa kasi. Ugonjwa wa parvo ukimshika mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, anatapika, anaharisha damu, na bila dripu anaweza kuondoka ndani ya siku mbili tatu. Pesa yake inatakiwa leo, na inatakiwa kwa mkupuo. Homa ya kupe ikigunduliwa mapema ni vidonge vya doksisaiklini kwa siku 28, gharama ambayo mtu mmoja au wawili wanaweza kuibeba bila kuita kikao. Halafu kuna ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao madaktari huuita TVT. Mbwa wa mitaani wanao sana. Unaonekana wa kutisha, unatoka damu, watu wanadhani mnyama hana siku nyingi. Kumbe wengi hupona kwa sindano ya vincristine, moja kwa wiki, mara nyingi nne hadi sita. Hapo unahitaji pesa kidogo kidogo kwa mwezi mmoja na zaidi, kwa mpangilio usiokatika. Njia iliyofaa kwa parvo haifai kwa TVT, na ya TVT itamuua mgonjwa wa parvo.

Kitu cha pili ni karatasi ya makadirio. Usiombe hata shilingi kabla hujaishika. Iwe na jina la kliniki, tarehe, jina la daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, na kila huduma na bei yake. Mwombe pia daktari aandike njia mbadala, kama alivyonifanyia mimi: chuma au kukatwa mguu. Mtu akiona bei mbili na sababu zake anajua hukumkimbilia daktari wa kwanza ukakubali bei ya kwanza. Kama uko karibu na Nairobi, kaulize bei pia kwenye kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Kwa walio Tanzania, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa iandike humo humo kwenye makadirio. Swali la kwanza utakaloulizwa na jirani ni hilo, na ana haki ya kuuliza.

Kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa

Hii ndiyo njia tunayoijua sote. Ndiyo tunayozikia, tunayoozea, tunayolipia karo. Unafungua kundi, unaweka picha, unaweka namba, na orodha inaanza kutambaa: 1. Mwanaisha, 2. Baba Salim, 3. Kevo wa duka. Kila anayetuma anainakili orodha, anaongeza jina lake, anairudisha.

Nguvu yake ni kasi. Usiku ule wa Karanga nilituma ujumbe saa nne kasorobo. Kufikia adhana ya alfajiri zilikuwa zimeingia 11,300, zote kutoka kwa watu wanaonijua kwa sura. Hakuna njia nyingine kati ya ninazozitaja hapa ingeweza kufanya hivyo.

Nguvu yake ya pili watu huisahau: M-Pesa haimwonei mtoa kidogo. Kutuma shilingi 100 au chini yake hakukatwi kitu. Kuanzia 101 hadi 500 mtumaji anakatwa 7, na kutoka 501 hadi 1,000 anakatwa 13. Watu mia mbili wakitoa mia mia, unapata 20,000 kamili na hakuna aliyekatwa. Kwa hivyo kwenye kundi omba mia. Sema waziwazi: "Naomba shilingi mia." Ukisema "chochote ulicho nacho", mwenye hamsini anaona haya na mwenye elfu anasubiri aone wenzake wanatoa ngapi. Ukitaja mia, wote wawili wanatuma, na mwenye elfu mara nyingi anatuma elfu.

Udhaifu wake ni uaminifu na uchovu. Uaminifu kwanza. Pesa ya mbwa ikiingia kwenye laini yako ya kila siku inachanganyika na nauli, na mboga, na pesa ya gesi. Hata kama huibi, baada ya siku tatu huwezi kusema kwa hakika ipi ni ipi. Kuna baya zaidi: laini ikiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa inayoingia inakatwa kulipa deni hilo kabla hujaigusa. Mtu anakuchangia kwa ajili ya dripu, pesa inalipa mkopo wako wa wiki iliyopita. Tumia laini isiyo na deni, na afadhali iwe ya mweka hazina ambaye si wewe mwokoaji. Mimi nilimwomba mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Yeye hapendi mbwa hata kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemdhania kuwa atampendelea Karanga. Kila jioni alipiga *334#, akachukua taarifa ya pesa zilizoingia, akafuta namba za watu, akaiweka kwenye kundi.

Orodha nayo ina ubaya wake. Ukiandika kiasi mbele ya kila jina, aliyetoa hamsini atajiona mdogo, na mara ya pili hatatoa. Andika majina peke yake, jumla iwe chini. Nimejaribu yote mawili, na orodha isiyo na viasi imekuwa na majina mengi zaidi kila mara.

Uchovu ni jambo zito zaidi. Kundi lile lile linaombwa bili ya mama aliyelazwa, mazishi ya mjomba, mtoto wa kidato cha kwanza. Mbwa hawezi kusimama mbele ya hao, wala sipendi asimamishwe. Siku kuna msiba mtaani, nyamaza. Na usilitumie kundi hilo hilo zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mimi nilirudi baada ya miezi mitatu na mbwa wa pili; watu kumi na tisa walitoka kwenye kundi bila kusema neno, na nilielewa.

Kwa Pwani kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara huenda asilijue. Majirani wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Hiyo si chuki. Usimwekee mtu picha ya mbwa akikulamba uso halafu ukamwomba pesa. Shangazi yangu, ambaye akikutana na mbwa njiani huvuka barabara, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha kile kisa tulichofundishwa madrasani cha mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Akafungua pindo la leso, akatoa noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne. "Mimi simgusi, mwanangu," aliniambia. "Lakini ana roho." Nikaiandika kwenye orodha kama zilivyoandikwa nyingine.

Kulipa kliniki moja kwa moja

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza jinsi isivyotumika. Badala ya kutoa namba yako, unatoa namba ya Lipa na M-Pesa ya kliniki, na unawaomba watu wakishalipa wakutumie ujumbe wa uthibitisho. Kwa namba ya duka, ile ya "nunua bidhaa", mlipaji hakatwi ada. Pesa haipiti mikononi mwako hata sekunde moja. Hakuna wa kukuuliza umeila.

Lakini ongea na kliniki kwanza, ana kwa ana. Waombe wafungue faili ya mbwa kwa jina lake, na wakubali kukupa jumla kila siku mnayokubaliana. Kliniki yenye shughuli nyingi itachoka na shilingi mia mia na hamsini hamsini zinazoingia bila jina. Mhasibu hajui ipi ni ya Karanga na ipi ni ya paka aliyekuja kuchanjwa. Kwa sababu hiyo njia hii inafaa kwa wachangiaji wachache wanaotoa kuanzia mia tano kwenda juu. Kwa Karanga tuligawa: wa mia walituma kwa mweka hazina, wa mia tano na zaidi walilipa kliniki.

Faida yake nyingine ni kwamba inafungua mlango wa kulipa kwa awamu. Daktari akiona pesa zinaingia zenyewe kutoka kwa watu tofauti, anakuamini. Wetu alikubali kufanya upasuaji kabla hatujakamilisha bili, na zilizobaki tulipe kwa wiki tatu. Asingenikubalia mimi na maneno yangu matupu.

Hasara: pesa ikizidi, kuirudisha ni shughuli. Na mbwa akifa mezani, pesa iko kwa kliniki. Kubalianeni mapema itakwenda wapi, na muandike.

M-Changa

M-Changa ilianzishwa Nairobi mwaka 2012 kwa ajili ya michango yetu hii hii ya harambee. Unafungua mchango, unapewa ukurasa wake na namba ya kulipia, na mtu anaweza kutoa kwa M-Pesa, Airtel Money, kadi au PayPal. Hesabu inaonekana kwa kila anayefungua ukurasa. Unaweza kuteua waweka hazina. Nao hukata ada ya asilimia, kwa hivyo soma kiwango chao cha siku hiyo kabla hujatangaza lengo, kisha ongeza ada hiyo kwenye lengo. Kosa la watu wengi ni kuomba 40,000 kamili kwa bili ya 40,000.

Mimi niliitumia kwa mbwa jike mwenye TVT tuliyemtoa karibu na soko la Kongowea. Tulihitaji sindano sita, kipimo cha damu kabla ya kila sindano kwa sababu dawa ile hushusha chembe nyeupe, na mwishoni kumfunga kizazi. Hapo ukurasa ulikuwa na maana. Kila Jumamosi baada ya sindano niliweka picha moja na sentensi mbili: uvimbe umepungua kiasi gani, pesa imebaki ngapi. Watu walirudi kuangalia. Mtu ambaye hakunijua, rafiki wa rafiki wa mfanyakazi mwenzangu, alilipa sindano mbili nzima. Kundi la WhatsApp lisingemfikia.

Ukilinganisha na kundi, M-Changa inashinda kwa uwazi na kwa kuwafikia wasiokujua. Inashindwa kwa kasi, na kwa joto. Mtu anayekujua anapopokea kiungo badala ya sauti yako, anakiweka kando "atakifungua baadaye". Kwa hiyo hata ukiwa na ukurasa, wapigie simu watu kumi wa kwanza. Ukurasa wenye shilingi sifuri haumvuti mtu. Wenye elfu nane unavuta.

Kwa wasomaji wa Tanzania, kamati za michango mnazijua kuliko sisi, na M-Pesa ya Vodacom iko huko tangu 2008. Kanuni za laini maalumu na mweka hazina ni zile zile. Angalieni tu makato ya mitandao yenu, kwa sababu hayafanani na ya huku.

GoFundMe kupitia ndugu aliye ng'ambo

Hii ndiyo watu huniuliza zaidi, kwa sababu wameona mbwa wa Ulaya wakichangiwa mamilioni. GoFundMe, tovuti ya kuchangisha pesa, ilianza Marekani mwaka 2010 na inafanya kazi katika nchi kadhaa, lakini Kenya haimo miongoni mwa nchi ambazo mtu anaweza kufungulia mchango na kupokea pesa kwenye benki yake. Ukitaka kuitumia lazima upate mtu anayeishi katika nchi iliyomo, mwenye akaunti ya benki huko, afungue kwa jina lake na aeleze wazi kwamba pesa ni za mbwa aliye Mombasa na zitatumwa kwa nani. Asijifanye mbwa ni wake. Uongo mdogo wa hivyo ndio unaofanya mchango ufungwe.

Binamu yangu aliye Leicester alinifungulia kwa ajili ya mbwa wa nne, dume mzee aliyekuwa na kidonda kilichooza shingoni kwa sababu ya waya aliofungwa nao. Hapa hesabu inageuka kabisa ukilinganisha na M-Pesa. Uingereza wanakata asilimia 2.9 na peni 25 kwa kila mchango. Mtu akitoa pauni 5, peni 40 hivi zinakwenda, karibu asilimia 8. Akitoa pauni 50, inakatwa pauni 1.70, asilimia 3.4 tu. Yaani M-Pesa inawapendelea wengi wanaotoa kidogo, na GoFundMe inawapendelea wachache wanaotoa kingi. Ukimwambia binamu yako aombe "pauni moja moja", zaidi ya robo ya kila pauni inapotea njiani. Mwambie aombe ishirini. Awaeleze pia wachangiaji kwamba ile bakshishi inayopendekezwa kwa kampuni wakati wa kulipa ni hiari, wanaweza kuiweka sifuri, wengi hawajui.

Kisha kuna muda. Binamu akiomba pesa zihamishwe, huchukua siku mbili hadi tano za kazi kufika benki yake. Ndipo azitume Kenya kwa WorldRemit au huduma nyingine ya namna hiyo, na hapo kuna ada au kiwango cha kubadilisha fedha kinachokula kidogo tena. Ukihesabu na siku za kuandika maelezo na kukusanya picha, wiki inakatika kabla dripu haijalipwa.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwataja wale watoto wa mbwa. Walikuwa watatu, kwenye katoni, nje ya lango la shule, wamechoka kwa parvo. Nilikuwa nimeona uzuri wa michango ya mtandaoni na nikaamua kuanza huko huko. Nilitumia jioni nzima kuchagua picha na kuandika maelezo mazuri. Wa kwanza alikufa usiku ule. Wa pili kesho yake adhuhuri. Michango ilianza kuingia siku ya tatu, na watu walikuwa wakarimu sana. Wa tatu alikuwa ameshazikwa chini ya mwembe. Ningepiga simu saba tu jioni ile ningepata pesa ya dripu. Njia yenyewe haikuwa na kosa, ila haikuwa ya ugonjwa ule, na hilo ningetaka kila mwokoaji alijue kabla halijamfika.

Kupitia shirika lililosajiliwa

Nchini Kenya shirika linalojulikana zaidi kwa wanyama ni KSPCA, lililoanza 1910 na lenye makao yake Karen, Nairobi. Mashirika ya namna hii yana vitu usivyonavyo: akaunti ya benki yenye jina la shirika, vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa, na wafadhili wa kila mwezi. Kampuni au hoteli ikitaka kukusaidia mara nyingi itataka risiti rasmi, na mtu binafsi huna.

Lakini shirika lina foleni. Lina mbwa, paka na punda wengi, na pesa inayoingia kwake hutumika pale uhitaji ulipo mkubwa. Ukimchangishia Karanga kupitia shirika, usishangae pesa ikamtibu punda pia. Kwa mtu anayeokoa mbwa mmoja, njia hii ni ndefu. Kwa anayeokoa kumi kwa mwaka, ndiyo pekee isiyomchosha yeye na majirani zake. Mtu wa namna hiyo aende akaongee nao awe mkono wao wa mtaani, aache kufungua kundi jipya kila mwezi.

Nyingine kwa ufupi

Kuuza chakula kunapendeza. Tulipika mahamri na mbaazi na viazi vya karai Jumapili moja, tukapata faida ya 3,900 baada ya unga, mafuta na mkaa. Inafaa kumalizia bili, na inawapa nafasi watu wasiotaka kuchangia mbwa moja kwa moja: wananunua mahamri yao, basi.

Kuzunguka na kopo barabarani au kwenye feri ya Likoni usijaribu bila kibali. Kenya ina sheria ya ukusanyaji wa michango ya umma, Sura ya 106, na ukusanyaji wa hivyo unahitaji leseni.

Mkopo wa simu ni daraja, tena fupi. M-Shwari hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kodi juu yake. Kama dripu ya usiku huu ni 5,000 na una uhakika kundi litaleta pesa kesho, kopa, na uwaambie wachangiaji kwamba umekopa na kiasi gani. Ukinyamaza halafu ukajilipa kutoka kwenye mchango, itaonekana umejichotea.

Ningechagua hivi

Ajali, parvo, sumu, uzazi uliokwama: simu kwa watu saba hadi kumi unaowajua, kisha kundi la WhatsApp lenye mweka hazina na laini safi, na wanaotoa zaidi walipe kliniki moja kwa moja. Usifungue ukurasa wowote siku hiyo. Kama baada ya siku tatu mgonjwa yuko hai na bili bado kubwa, hapo fungua M-Changa, na weka kwenye hesabu yake kile ambacho kundi limeshatoa ili watu waione safari nzima.

TVT, upele mkali, kidonda cha kusafishwa kwa wiki kadhaa: M-Changa tangu mwanzo, picha moja kwa wiki, usizidishe. Picha ya kidonda kibichi iweke mara moja tu na uonye watu kabla hawajaifungua.

Bili inayozidi laki moja, na una ndugu mwaminifu Uingereza, Marekani au Kanada: GoFundMe kwa huko, M-Pesa kwa huku, na hesabu moja inayojumlisha zote mbili. Usiwe na hesabu mbili zisizojuana. Wachangiaji wa Leicester na wa Bombolulu waone karatasi ile ile.

Na pesa ikikosekana kabisa, rudi kwa daktari na ile bei ya pili. Mimi nilitaka chuma. Nilidhani kumkata mguu ni kumwonea. Daktari aliniambia kwamba mbwa wa kilo kumi na mbili anaishi vizuri kwa miguu mitatu, na kwamba chuma kinahitaji wiki nyingi za kutulia ndani, jambo ambalo mbwa wa mitaani asiyezoea kufungiwa hataliweza. Kwa hivyo tulichagua 28,000, na haikuwa kwa umaskini peke yake. Niliwaandikia wachangiaji sababu hizo zote mbili kabla ya upasuaji, si baada. Wawili hawakukubaliana nami, wakaniomba pesa zao, nikawarudishia siku hiyo hiyo.

Tulipofunga hesabu zilibaki 3,150. Mweka hazina aliuliza kwenye kundi zifanyiwe nini, akaweka machaguo mawili: kumfunga Karanga kizazi au kuzihifadhi kwa mbwa atakayefuata. Walichagua kizazi, nasi tukaongezea pesa ya mahamri. Sasa Karanga analala kwenye veranda ya kijana muuza mkaa, kachanjwa, kavishwa ukanda mwekundu shingoni. Shangazi bado anavuka barabara akimwona. Akifika upande wa pili husimama kidogo, amtazame anavyorukaruka na miguu yake mitatu, kisha aniulize kama amekula.